Kufundisha Haki za Binadamu kwa Kufuata Shauri Moja: Mfano wa Waogiek wa Msitu wa Mau

Mada ya haki za binadamu ni miongoni mwa mada ambazo mwalimu mwanafunzi huziandalia somo upesi, na wanafunzi wakazisahau upesi vile vile. Mwalimu huandika ubaoni orodha: haki ya kuishi, haki ya kupata elimu, haki ya kumiliki mali, haki ya kuabudu. Darasa huikariri kwa sauti moja. Halafu huja orodha ya pili, ya vyombo vinavyolinda haki hizo: Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, tume, mahakama, mashirika yasiyo ya kiserikali. Hiyo nayo hukaririwa. Katika mtihani mwanafunzi ataweza kutaja vyombo vitano, lakini akiulizwa mtu wa kijijini aliyeonewa aanzie wapi, atanyamaza. Wala hana kosa, kwani alifundishwa majina ya vyombo, hakufundishwa namna vinavyofanya kazi, wala namna kimoja kinavyokihitaji kingine.

Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine, nayo ni kuifundisha mada hiyo kwa kufuata shauri moja la kweli tangu mwanzo wake hadi pale lilipofikia. Shauri tulilolichagua ni la Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau nchini Kenya. Tumelichagua kwa kuwa hukumu yake ilitolewa Arusha, na kwa kuwa ndani yake shirika dogo la wenyeji, shirika la Nairobi, shirika la kimataifa, tume ya bara zima na mahakama vyote vilishika sehemu ya mzigo. Kama mmoja wao angalikosekana, mzigo usingalifika. Somo hili linafaa darasa la sita na la saba, nalo huchukua vipindi vitatu au vinne. Anayetaka kulimaliza kwa kipindi kimoja na aliache.

Yampasayo mwalimu kuyajua kabla ya kuingia darasani

Msitu wa Mau ni eneo kubwa la Bonde la Ufa lenye ukubwa wa hekta 400,000 hivi. Mahakama ilielezwa kwamba Waogiek wote ni watu 20,000 hivi, na kwamba 15,000 kati yao wanaishi katika msitu huo. Tangu enzi za ukoloni wamekuwa wakiondolewa humo mara kwa mara. Mwezi wa Oktoba 2009 idara ya misitu ya Kenya iliwapa, pamoja na wakazi wengine wa msitu, notisi ya kuondoka katika muda wa siku 30.

Tarehe 14 Novemba 2009, kabla siku hizo hazijatimia nyingi, malalamiko yalipelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Waliyoyapeleka ni mashirika mawili: CEMIRIDE, ambalo ni shirika la Kenya linaloshughulikia haki za jamii ndogo, na Minority Rights Group International, lenye makao yake London. Baadaye shirika la Waogiek wenyewe, yaani Ogiek Peoples' Development Program, liliungana nao. Tarehe 23 Novemba Tume iliitaka serikali isimamishe uhamishaji kwanza. Haikupata jibu. Basi tarehe 12 Julai 2012 Tume yenyewe ikalifikisha shauri mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha.

Mahakama ilitoa amri ya muda tarehe 15 Machi 2013, ikasikiliza pande zote mbili mwezi wa Novemba 2014, na tarehe 26 Mei 2017 ikatoa hukumu kwamba haki za Waogiek zimevunjwa. Hukumu ya fidia ilifuata tarehe 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu ya moyo, pamoja na amri kwamba ardhi yao ya jadi ipimwe, iwekewe mipaka kwa kushauriana nao, na wapewe hati ya pamoja.

Tarehe hizi mwalimu hana haja ya kuwakaririsha watoto. Azijue yeye, na aziandike kwenye ukanda wa karatasi ya manila utakaobandikwa ukutani muda wote wa mada. Mtoto akitazama ukanda huo ataona jambo ambalo maneno hayalionyeshi vizuri: kutoka notisi ya siku 30 hadi hukumu ya fidia ni karibu miaka 13. Aliyezaliwa siku ile ya notisi alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi.

Milango na wenye funguo

Sehemu ambayo vitabu vingi huirukia, na ambayo sisi tunaiona kuwa ndiyo kiini cha somo, ni swali hili: kwa nini Waogiek hawakwenda moja kwa moja Arusha? Kutoka Nakuru hadi Arusha si mbali. Mtu hupanda basi asubuhi akafika jioni.

Jibu limo katika sheria. Mahakama ya Arusha iliundwa kwa Itifaki iliyotiwa saini mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2004. Itifaki hiyo inasema kwamba raia au shirika lisilo la kiserikali haliwezi kuishtaki nchi mbele ya Mahakama ila nchi hiyo iwe imetoa tamko maalumu la kukubali. Kenya iliridhia Itifaki lakini haikutoa tamko hilo. Kwa hiyo mlango wa Waogiek ulikuwa umefungwa, na wa mashirika yao pia. Aliyekuwa na ufunguo ni Tume ya Banjul, kwa kuwa Tume inaruhusiwa kuishtaki nchi yoyote iliyoridhia Itifaki. Nayo Tume hupokea malalamiko kutoka kwa watu na mashirika chini ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa na wakuu wa nchi huko Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986.

Lakini hata mlango wa Tume una sharti lake. Ibara ya 56 ya Mkataba inamtaka mlalamikaji awe amekwisha jaribu mahakama za nchi yake kwanza, isipokuwa ikiwa huko anacheleweshwa kupita kiasi. Waogiek walikuwa wamejaribu. Shauri moja lililofunguliwa Nairobi mwaka 1997 lilipata hukumu mwaka 2014 tu, nayo ilikuwa ya kuwaunga mkono. Mwalimu asisahau kulitaja hilo, wasije watoto wakadhani kwamba haki hutoka ng'ambo daima. Mahakama ya nyumbani ndiyo ya kwanza, na ile ya bara huja pale ya nyumbani inaposhindwa au inapokawia.

Ili jambo hili liingie akilini, twashauri mwalimu achore ramani ya Afrika sakafuni kwa chaki, aweke mawe madogo mahali pa Mau, Nairobi, Banjul na Arusha, na jiwe la tano nje ya ramani liwe London. Mtoto mmoja ashike uzi Mau, na uzi upite kila mahali shauri lilipopita. Watoto wataona kwa macho kwamba ilibidi jambo la msitu wa Bonde la Ufa lisafiri hadi Afrika Magharibi ndipo lirudi jirani. Waache waulize kwa nini. Swali likitoka kwao wenyewe, maelezo ya tamko na Itifaki hayatawachosha.

Nani alileta nini

Ni kosa la kawaida kueleza ushirikiano wa mashirika kana kwamba wakubwa walikuja kuwaokoa wadogo. Watoto wetu huikubali hadithi hiyo kwa urahisi mno. Mwalimu aivunje mapema.

Shirika la wenyeji lilileta kitu ambacho hakuna fedha inayoweza kukinunua London. Lilijua mipaka ya kila ukoo msituni, wazee gani wanakumbuka uhamishaji upi, na mti gani hutundikwa mizinga. Liliweza kukaa na bibi asiyejua Kiingereza likamsikiliza kwa lugha yake. Tena lilikuwapo. Wanaohamishwa alfajiri hawawezi kungoja wakili apande ndege.

Shirika la kimataifa lilileta mawakili waliouzoea Mkataba na taratibu za Tume, na subira yenye bajeti. Lilikuwa pia na njia iliyokwisha pitiwa: mwaka 2003 shirika hilo hilo la London pamoja na CEMIRIDE walikuwa wamepeleka Banjul shauri la Waendorois walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria, na uamuzi wa Tume wa kuwaunga mkono Waendorois ukatangazwa mwaka 2010. Hivyo mawakili wa Waogiek hawakuanza gizani. Tume nayo ilileta mamlaka, kwani barua ya shirika serikali yaweza kuiweka kando, lakini wito wa Mahakama hauwekwi kando kwa wepisi huo.

Kuna kazi moja ambayo pande zote ziliifanya pamoja, na hiyo ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa matumizi ya darasani. Ni kazi ya kugeuza maneno ya watu kuwa maneno ya sheria. Mzee husema, "Msitu huu ni wetu, babu zetu waliishi humu." Wakili huandika: Ibara ya 14, haki ya kumiliki mali. Mzee husema, "Mahali petu pa matambiko pamo humo." Wakili huandika: Ibara ya 8, uhuru wa dini. "Bila nyuki na uwindaji sisi si Waogiek tena": Ibara ya 17, haki ya utamaduni. "Makabila mengine yametambuliwa, sisi tunaambiwa tujihesabu ndani yao": Ibara ya 2, kutobaguliwa. "Chakula chetu na dawa zetu zimo msituni, nasi tumezuiwa": Ibara ya 21, haki ya kutumia utajiri wa asili. "Hakuna aliyetuuliza": Ibara ya 22, haki ya maendeleo.

Mwalimu atayarishe kadi za aina mbili, za maneno ya mzee na za Ibara, azichanganye, na watoto wawili wawili wazioanishe. Maneno ya mzee katika kadi ni ya kutungwa na mwalimu kwa kufuata madai yaliyokuwa mahakamani, na darasa lielezwe hivyo. Baadaye zoezi ligeuzwe. Watoto wataje malalamiko yao wenyewe ya kila siku, kama kuzuiwa kuchota maji kisimani au kufukuzwa uwanjani, kisha watafute kama yapo chini ya Ibara yoyote. Mengine hayatapata Ibara. Hilo nalo ni funzo, maana si kila uchungu ni uvunjaji wa haki za binadamu. Waogiek wenyewe walidai pia kwamba haki ya uhai, Ibara ya 4, imevunjwa kwa kuwa waliondolewa mahali pa riziki yao. Mahakama ilikubali kwamba wengine waliteseka, lakini ikasema uhusiano wa kuhamishwa huko na vifo haukuthibitishwa. Dai hilo likaanguka. Mengine saba yakasimama.

Katika kugeuza maneno, kitu hupotea. Neno "wetu" la mzee lina ndugu waliokufa na wasiozaliwa bado, na neno "mali" la sheria halina nafasi ya kutosha kwa wote hao. Shirika la kimataifa lisilo na mwenzake wa mahali hapo haliwezi hata kujua kwamba kuna kilichopotea. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja kubwa ya kutaka mashirika ya wenyeji yawe wabia kamili, si watafuta mashahidi tu. Tunajua kwamba si kila ushirikiano huenda hivyo. Yako mashirika yanayokuja na ripoti iliyokwisha andikwa, yakitafuta picha ya kuweka jaladani.

Upande wa serikali usiachwe uchi

Katika maigizo ya darasani, mtoto anayeigiza ofisa wa serikali aghalabu hupewa fimbo na sauti ya ukali, na darasa lote humcheka. Maigizo ya namna hiyo hayafundishi kitu. Serikali ya Kenya ilikuwa na hoja, nayo ni hoja nzito: Msitu wa Mau ni chanzo cha maji. Mto Mara hutoka huko, ukapita Serengeti na kuingia Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mtoto wa Musoma ana haki ya kuuliza: msitu ukiisha, mimi nitakunywa nini?

Basi mwanafunzi hodari kuliko wote apewe kuitetea serikali, na apewe siku mbili za kujiandaa. Halafu mwalimu alieleze darasa namna Mahakama ilivyoipima hoja hiyo. Majaji hawakusema kwamba maji si kitu. Walisema kwamba serikali haikuleta ushahidi kuwa Waogiek ndio walioharibu msitu, na kwamba taarifa zilizotayarishwa na serikali yenyewe au kwa kushirikiana nayo zilitaja visababishi vingine: watu wengine waliovamia msitu, maeneo ya msitu yaliyomegwa na serikali kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa bila busara. Hapo watoto watajifunza kwamba katika kulinda haki hoja hujibiwa kwa ushahidi. Kukusanya ushahidi huo, karatasi kwa karatasi, ndiyo kazi ya siku nyingi ya mashirika haya, na haina sherehe.

Swali dogo la kuwaachia wakaenda nalo nyumbani: siku 30 zinatosha kuhamisha mzinga wenye nyuki? Wenye wazazi warina asali watarudi na majibu ambayo mwalimu mwenyewe hakuyajua.

Maswali mawili yatakayoulizwa

La kwanza litakuwa hili: "Je, walirudishiwa msitu wao?" Mwalimu ataona tamaa ya kujibu ndiyo, ili somo liishe vizuri. Asijibu hivyo. Mwezi wa Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi mitano baada ya hukumu ya fidia, familia za Waogiek ziliondolewa tena katika sehemu ya Sasimwani, kaunti ya Narok, na nyumba zikabomolewa. Mahakama ya Arusha haina askari wa kutekeleza hukumu zake. Nchi ndiyo inayotakiwa kutekeleza, na vikao vya Umoja wa Afrika ndivyo vinavyotakiwa kuihimiza.

Wako wenzetu wanaoona kwamba kuwaambia watoto haya ni kuwakatisha tamaa. Sisi tunaona kinyume. Mtoto aliyeambiwa kwamba mahakama ikisema basi yamekwisha, siku atakapoona hayajakwisha atalitupa somo lote pamoja na mwalimu wake. Aliyeambiwa kwamba hukumu ni karatasi yenye nguvu inayohitaji watu wa kuishika na kuionyesha kila mwaka, huyo atajua kazi ya shirika la wenyeji haikuishia mahakamani. Mambo ambayo Mahakama iliyakataa nayo yaelezwe: iliombwa iamuru serikali iombe radhi hadharani, ikasema hukumu yenyewe yatosha. Darasa la saba linaweza kubishana juu ya hilo kwa nusu saa nzima, na ni ubishi mzuri.

Swali la pili litatoka kwa mtoto mjanja: "Na sisi Watanzania tunaweza kwenda Arusha?" Jibu la kweli ni refu kidogo. Tanzania ilitoa tamko mwaka 2010, na mashauri mengi kuliko ya nchi nyingine yoyote yalitoka kwa Watanzania, wengi wao wakiwa wafungwa waliolalamikia namna kesi zao zilivyoendeshwa. Mwezi wa Novemba 2019 serikali iliondoa tamko hilo, na uondoaji ukaanza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Tangu tarehe hiyo Mtanzania na shirika lake wakawa mahali pale pale walipokuwa Waogiek: mlango wa moja kwa moja umefungwa, mlango wa Banjul uko wazi. Mwalimu aseme hivyo kwa utulivu, kama anavyoeleza habari nyingine yoyote ya uraia, bila kulaumu na bila kuficha. Mtoto arudi kwenye ramani ya sakafuni, auchukue uzi, aanzie safari hii kijijini kwake.

Namna ya kupima

Usiulize, "Taja mashirika matano yanayolinda haki za binadamu." Ulizeni mambo ya kufikiri. Mathalani: kijiji kimoja cha wavuvi kimezuiwa kutumia ufuko wake, na kesi yao imelala mahakamani miaka kumi na miwili, andika barua ya kurasa mbili kwa shirika la wilayani mwako ukieleza hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nani afanye nini. Katika kusahihisha, toa alama kwa mfuatano na kwa sababu, si kwa majina. Mwanafunzi aliyesahau jina la Banjul lakini akasema "tume ya Afrika ndiyo inayoweza kutufikishia shauri mahakamani, kwa kuwa sisi wenyewe haturuhusiwi" amelielewa somo, naye apewe alama zake zote. Aliyeandika kwamba shirika la Ulaya litakuja kulimaliza jambo, mrudishie karatasi yake na mwulize ni nani atakayewaonyesha wageni hao mipaka ya ufuko.